Barua ya wazi: mchanga unaojaza Jangwani hautoki Jangwani

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya maji, mazingira, barabara na mipango miji katika bonde la Mto Msimbazi, mkoani Dar es Salaam na wilayani Kisarawe.

Waheshimiwa,

YAH: KUOMBA MTO MSIMBAZI USIMAMIWE KAMA BONDE MOJA, KUANZIA PUGU HADI SALENDER

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunawasalimu kwa heshima. Tumeandika barua ya wazi kwa sababu njia ya kawaida imekwama. Barua zetu za awali kuhusu mchanga na mafuriko ya Msimbazi zilipokelewa masijala, zikagongwa mhuri, na nakala tunazo. Tulipofuatilia tuliambiwa faili liko mezani kwa mhusika. Mhusika akasema kipande tunachokilalamikia kiko upande wa pili wa mpaka, twende kwa jirani, na jirani naye akatuelekeza tulikotoka. Mto huu kwa sehemu ndefu ndio mpaka wenyewe kati ya Ilala na majirani zake Ubungo na Kinondoni, kwa hiyo kila ukingo una mkubwa wake na maji ya katikati hayana mwenyewe. Ndiyo maana leo tunawaandikia nyote kwa pamoja, hadharani.

Tuanze na mto ulivyo, kwa kuwa madai yetu yote yanatokana na umbo lake.

Msimbazi ni mto mfupi, kama kilomita 35 tu. Dakio lake, yaani eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake huishia humo, halifiki kilomita za mraba 300. Unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Mgongo wa vilima hivyo ndio unaogawa maji: ya kusini huteremka kwenye mito Kizinga na Mzinga na kuingia upande wa bandari, ya kaskazini huchukuliwa na Mpiji hadi baharini kwenye mpaka wa Bagamoyo, na yaliyobaki katikati ni ya Msimbazi. Kutoka hapo unapita Ulongoni, Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, karibu na katikati ya jiji, kisha Salender unapoingia baharini. Njiani unapokea vijito kutoka kaskazini, mkubwa ukiwa Mto Sinza, ambao watu wa Manzese na Tandale wanauita Mto Ng'ombe, pamoja na Mto Ubungo.

Sehemu kubwa ya mteremko imo upande wa juu, kabla ya Tabata. Kuanzia Kigogo kushuka chini bonde linapanuka na kulala, na sakafu yake iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Maji yanayokimbia hubeba mchanga, na yakipunguza mwendo huutua. Kwa hiyo hata pasingekuwa na mji, mto huu ungetua mchanga wake kuanzia Kigogo hadi Jangwani. Mji umebadilisha kiasi na kasi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo huwa hayatajwi kwenye vikao. La kwanza ni udongo. Vilima vya Pugu ni mchanga na mawe ya mchanga laini yenye kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, na ukishaondoa majani na mizizi juu yake hauna cha kuushika. La pili ni bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa zaidi, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hukaribia mita 4. Masika na bamvua vikikutana, mlango wa mto pale Salender unafungwa na bahari kwa saa kadhaa, na maji yanayoshuka kutoka Pugu hayana pa kwenda isipokuwa kupanda Jangwani. Mvua ileile ikinyesha wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana, au bahari ikiwa imekupwa, huweza kupita bila kuleta balaa. Anayetoa tahadhari ya mafuriko katika bonde hili bila kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa anatoa nusu ya tahadhari.

Baada ya hayo, malalamiko yetu ni haya.

1. Barabara za vumbi za bonde la juu ndizo machimbo makubwa ya mchanga.

Nendeni Kinyerezi, Bonyokwa au Ulongoni wakati mvua inanyesha, msiende siku ya jua, mkasimame kwenye barabara yoyote ya mtaa inayoshuka mteremko. Greda lilipita kabla ya msimu, likakwangua tabaka la juu na kuacha tuta la udongo kila upande, katikati pakabaki kama bakuli. Hakuna mchepuko hata mmoja, yaani mfereji wa kuyatoa maji barabarani kuelekea pembeni. Maji ya mapaa yote ya mtaa yanaingia humo na kuteremka hadi mtoni, kila mita yakiongeza kasi na mzigo. Msimu ukiisha barabara imeshuka chini ya vizingiti vya mageti, imejaa makorongo, na greda linaitwa tena kukwangua ili magari yapite. Kwenye kitabu cha bajeti hayo yanaitwa matengenezo.

Hesabu yake ni rahisi. Barabara ya upana wa mita 6 ikishuka sentimita 10 katika mwaka, kila kilomita moja imetoa mita za ujazo 600. Hizo ni tipa zaidi ya 80 zenye ujazo wa mita 7. Sasa hesabuni wenyewe kilomita za barabara za mtaa zilizofunguliwa kwenye miteremko hiyo.

Dawa yake inajulikana na wala si lami. Barabara ipewe mgongo: kwa upana wa mita 6, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 12 hadi 15, kisha pashindiliwe pakiwa na unyevu. Tuta linaloachwa pembeni na greda liondolewe, maana ndilo linalofungia maji barabarani. Kwenye mteremko mkali michepuko iwekwe kila mita 20 hadi 30, ikatwe kwa mshazari kuelekea chini, na mdomo wake ujengwe kwa mawe ili usichimbike. Jambo ambalo mafundi wengi hulikosea ni mwisho wa mchepuko. Ukimwaga maji kwenye ukuta wa mtu, mwenye ukuta atauziba usiku huohuo kwa viroba, na hatumlaumu. Umalizikie kwenye nyasi, kwenye shimo la kunywea maji, au kwenye mtaro wa zege wenye ngazi za kuvunja kasi. Kwa hiyo mchoro wa michepuko uchorwe pamoja na watu wa mtaa kabla greda halijawashwa.

2. Uchimbaji wa mchanga unashughulikiwa kinyumenyume.

Operesheni za kukamata wachimbaji hufanywa zaidi Jangwani na Kigogo, mahali panapoonekana kutoka barabara kuu. Lakini mchanga wa pale tayari umetua, na kuuondoa, kama kunafanywa kwa mpangilio, kunausaidia mto. Madhara yako juu. Mtu akichimba shimo kwenye sakafu ya mto, maji huanguka ndani ya shimo kwa kasi na kula mdomo wake wa upande wa juu. Mdomo huo hurudi nyuma mvua hadi mvua, ukipanda mto, hata kama mchimbaji ameshaondoka. Ukikutana na daraja, unakula chini ya msingi. Akichimba ukingo, ukuta wa ukingo unabaki wima bila mguu, na mvua inayofuata unaporomoka na mti, choo na pengine chumba. Madaraja ya Ulongoni yaliyosombwa na mvua ni funzo linalotosha kwamba sakafu ya mto wa juu haitakiwi kuguswa karibu na daraja.

Msimamo wetu ni kwamba vijana wa tipa na makoleo wasifukuzwe mtoni wote kwa mkupuo. Waondolewe juu, wapewe vibali na mipaka chini, pale ambapo kila mwaka kuna mchanga wa kuondolewa. Leo mnamlipa mkandarasi auondoe na mnamkamata kijana anayeuondoa bure.

3. Usafishaji wa mto unafanywa bila hesabu, na mchanga unaachwa ukingoni.

Chukueni mfano wa mkondo wa upana wa mita 12 na kina cha mita 2.5. Eneo la kupita maji ni mita za mraba 30. Ukijaa mchanga wa kina cha mita moja, eneo linabaki mita za mraba 18, na kwa kuwa maji yamekuwa mafupi, msuguano wa sakafu unayapunguza kasi pia. Mkondo huo sasa unapitisha chini ya nusu ya maji uliyokuwa ukipitisha. Kuurudisha ulivyokuwa, kwa kilomita moja tu, ni kuondoa mita za ujazo 12,000, ambazo ni safari 1,700 za tipa na ushee.

Kinachofanyika mara nyingi ni kijiko kuingia mtoni wiki chache kabla ya masika, kuchota na kumwaga palepale ukingoni. Rundo linakaa mita mbili tatu kutoka majini, mwinuko mkali, halijashindiliwa. Mvua kubwa ya kwanza inalirudisha. Wakati huohuo rundo limeziba maji ya mitaa yasiingie mtoni, kwa hiyo nyumba za nyuma zinafurika kwa maji ya mvua kabla mto wenyewe haujafurika. Kijiko kikichimba kupita kiasi karibu na ukingo, kinauondolea mguu, na tumerudi kwenye lalamiko la pili. Tunauliza: mikataba hiyo inalipwa kwa saa za kijiko au kwa mita za ujazo zilizopimwa zikiwa zimetolewa nje ya bonde? Kama ni kwa saa, basi mchanga kurudi mtoni ni kazi ya mwakani kwa mtu.

4. Kingo zinajengwa kwa namna isiyodumu.

Gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, nyingi zilizoanguka katika mto huu zilikuwa na mawe mazuri na waya mzuri. Zilianguka kwa sababu mbili zilezile. Hazikuwekewa kitambaa cha kuchujia nyuma yake, kwa hiyo udongo mchanga umepenya kati ya mawe kidogo kidogo hadi nyuma pakawa pango. Tena zilikalishwa juu ya sakafu ya mto bila kuzamishwa, wala hazikuwekewa mkeka wa mawe mbele, kwa hiyo maji yamechimba chini ya mguu na ukuta ukainamia mtoni. Ncha zake mbili nazo ziingizwe ndani ya ukingo mita kadhaa, la sivyo maji huzunguka nyuma na kuiacha gabioni imesimama peke yake katikati ya mto. Viroba vya mchanga vinavyowekwa na wananchi hupasuka kwa jua baada ya miezi, na matairi huishia kwenye makalavati.

Mahali ambapo ukingo si mrefu na hauko kwenye kona ya nje ya mto, vetiva, matete na mabingobingo yaliyopandwa mwanzoni mwa vuli hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo, mradi ukingo ulazwe kwanza. Kupanda nyasi kwenye ukuta ulio wima ni kupoteza miche.

5. Maji ya mapaa na saruji hayana utaratibu wowote.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikipata mvua ya milimita 50 kinapokea lita 20,000. Kikiwa kichaka juu ya mchanga, sehemu kubwa inazama ardhini. Kikishajengwa na kusakafiwa, karibu yote inatoka getini ndani ya nusu saa. Paa la mita za mraba 120 peke yake linatoa lita 6,000. Vibali vya ujenzi katika bonde la juu vinauliza idadi ya vyumba na mahali pa choo, lakini haviulizi maji ya paa yanakwenda wapi.

Tunaomba kibali kidai tangi au shimo la kunywea maji. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 2 linabeba mita za ujazo 3.5 likijengwa kwa tofali zenye matundu na kuachwa wazi ndani. Likijazwa mawe, kama wengi wanavyofanya, linabaki na nafasi ya mita za ujazo 1.4 hivi. Liwe mbali na choo, na lisichimbwe ukingoni mwa mteremko mkali, maana maji yakizama hapo yatalegeza ukingo. Utaratibu huu ni wa bonde la juu, kwenye mchanga mkavu. Chini, Kigogo na Jangwani, maji ya ardhini yako karibu sana na shimo halitakunywa kitu.

6. Mita 60 zipo kwenye sheria, ardhini hazipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mto hakuna bikoni, yaani nguzo ya mpaka, inayoonyesha mita hizo zinaanzia wapi, na ukingo wenyewe unatembea. Nyumba iliyojengwa mbali na mto inajikuta jirani nao baada ya misimu michache ya ukingo kuliwa, kwa sababu za namba 1 hadi 4 hapo juu, halafu mwenye nyumba anaandikiwa X ya kubomolewa na kuambiwa amevamia bonde. Kwa upande mwingine, vipo viwanja vilivyouzwa juzi ndani ya mita hizo, kwa karatasi zenye mihuri, na kifusi kinaendelea kumwagwa mtoni usiku ili kupata ardhi zaidi. Hao wawili si watu wa kundi moja na wasitendewe sawa. Wekeni bikoni, zipigwe picha, tarehe iandikwe. Baada ya hapo atakayejenga ndani yake hatakuwa na la kusema, wala aliyemuuzia.

7. Mto haupimwi kwa namna inayomsaidia mkazi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi, hadi familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya somo hilo tungetarajia mtu wa Kigogo ajue, saa chache kabla, kwamba Kinyerezi maji yamepanda. Hajui. Anajua maji yakigusa godoro.

Kipimo tunachokiomba hakihitaji setilaiti. Ni rula iliyochorwa kwa rangi kwenye nguzo za madaraja, alama kila sentimita 10, katika madaraja ya Kinyerezi, Mandela, Kawawa, Jangwani na Salender. Mtu wa mtaa asome asubuhi na jioni, na kila nusu saa mvua ikiwa kubwa, kisha atume namba kwenye kundi moja la simu ambalo watendaji wa kata zote za bonde wamo. Kipima mvua kiwekwe kwenye shule za msingi huko juu, uwanjani, mbali na mti au paa kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho, maana kipima kilichojificha chini ya mwembe kinasoma uongo. Baada ya masika moja mtajua maji yanatumia saa ngapi kutoka daraja hadi daraja. Namba hiyo, ikisomwa pamoja na jedwali la bamvua, ndiyo tahadhari.

8. Majitaka. Hili tunalisema kwa kifupi kwa kuwa mnalijua. Mvua ikianza, watu wanatapisha vyoo kwenye mitaro, kwa sababu gari la kunyonya halifiki uchochoroni au bei yake haishikiki. Uchafu huo unashuka bondeni ambako mchicha na matembele ya masoko yetu yanamwagiliwa. Faini peke yake haijafuta tabia hiyo popote. Vituo vidogo vya kupokelea majitaka karibu na mitaa, na pampu za mkono za kunyonyea, zitaifuta.

Waheshimiwa, tunajua mtakayotujibu.

Mtasema mradi mkubwa wa bonde unakuja kutibu yote. Tunaufahamu: Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na daraja refu la Jangwani limo ndani yake. Hatulipingi daraja. Barabara ya Morogoro isiyofungwa na mvua ni neema kwa nchi nzima. Ila daraja linanyanyua barabara, halipunguzi hata toroli moja la mchanga unaoshuka. Mkondo mpya uliochimbwa chini yake utajaa kwa sheria ileile iliyoujaza wa zamani, kama juu hapajashikwa. Kila tipa itakayozuiwa Kinyerezi ni tipa ambayo mradi hautalipa kuichimbua Jangwani, na mkopo huo tunaulipa wote.

Mtasema wananchi wanatupa taka. Ni kweli, wanatupa, na chupa zinaziba makalavati. Lakini fungueni kalavati lolote lililoziba mtazame ndani: taka ziko juu, chini yake ni mchanga. Kwenye kalavati hutua mchanga kwanza, kina kikapungua, ndipo taka zikanasa. Tuko tayari kuwawajibisha wenzetu wa mitaani kwa zile za juu, nanyi muwajibike kwa ule wa chini.

Mtasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua kali zimeongezeka, hatubishi. Hiyo ni sababu ya kuharakisha, maana mawingu hayako chini ya mamlaka ya yeyote kati yetu, lakini greda liko.

Mtasema hamna takwimu. Tangu mwaka 2015 wanafunzi na wakazi wa mitaa hii wamekuwa wakichora mitaro, nyumba na maeneo yanayofurika kupitia mradi wa Ramani Huria. Ramani hizo zipo wazi kwa yeyote.

Na mtasema mto si wa wilaya yenu. Hapo sheria ilishajibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeweka usimamizi wa maji kwa mabonde, bila kujali mipaka ya utawala, na Msimbazi umo katika Bonde la Wami/Ruvu. Sheria hiyohiyo inaruhusu jumuiya za watumia maji na kamati za madakio. Tunachokosa ni watu wa mipango miji, wa barabara na wa maji kukaa meza moja wakiwa na ramani moja.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

(a) Ndani ya siku 60 kiitwe kikao kimoja cha hadhara cha wahusika wote wa bonde, Kisarawe wakiwemo, na atajwe mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu atakayejibu maswali ya mto mzima.

(b) Greda lisipite tena kwenye barabara ya mteremko katika bonde la juu bila mchoro wa mgongo na michepuko. Hili halihitaji bajeti mpya, ni kubadilisha maelekezo ya kazi ambayo tayari inalipiwa.

(c) Yajengwe mabwawa madogo ya kunasa mchanga juu ya Tabata, kwenye mto na kwenye midomo ya vijito vinavyoleta mzigo mkubwa. Punje ndogo ya mchanga wa kujengea huzama kama sentimita 3 kwa sekunde. Mkondo ukipanuliwa hadi maji yaende nusu mita kwa sekunde, kwa kina cha mita 1.5 punje inahitaji sekunde 50 kufika chini, yaani mita 25 za safari. Maji ya mafuriko hayatulii, kwa hiyo weka mara mbili, mita 50. Tope laini la kaolini halitanaswa humo, litapita hadi baharini, na hilo tunalisema mapema msije mkaambiwa bwawa limeshindwa. Bwawa liwe na njia ya tipa hadi ndani, na litolewe mchanga linapofika nusu. Likiachwa lijae, halizuii chochote. Uchotaji wapeni vikundi vya vijana wenye vibali, wauze mchanga, na ushuru uingie kwenye matengenezo ya bwawa lenyewe.

(d) Mikataba ya usafishaji ilipwe kwa mita za ujazo zilizopimwa kabla na baada, na mchanga wote utoke nje ya bonde ndani ya siku 7 tangu kuchimbuliwa. Kipimo kibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa zinazohusika.

(e) Bikoni za mita 60 ziwekwe kuanzia Kinyerezi hadi Kigogo, ambako kingo zinaliwa zaidi, kabla ya sehemu nyingine.

(f) Rula za madaraja na vipima mvua viwe vimewekwa ifikapo mwisho wa Februari, kabla masika hayajaanza Machi. Wasomaji tutawatoa sisi, mtaa kwa mtaa, bila malipo kwa msimu wa kwanza.

Majibu tunayaomba kwa maandishi, yakitaja kila namba: lipi mmelikubali, lipi mmelikataa na kwa sababu gani. Jibu la kwamba suala linafanyiwa kazi tutalihesabu kuwa halijajibiwa. Siku 60 zikipita kimya, barua hii pamoja na nakala zenye mihuri ya masijala tutazipeleka kwa wabunge wa majimbo yote ambayo mto unapita, tukiwaomba waziulizie bungeni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakazi wa bonde la Mto Msimbazi, Pugu hadi Hananasif

Nakala: Wenyeviti wa serikali za mitaa na watendaji wa kata za bonde zima. Tafadhali ibandikwe kwenye mbao za matangazo.